Lori Linapimwa, Gunia Halipimwi: Kisa cha Viazi vya Uporoto

Fuso lililobeba viazi kutoka Isyonje kwenda Dar es Salaam hupimwa uzito njiani zaidi ya mara moja. Kuna mizani Makambako, kuna Wenda pale Iringa, kuna Mikumi, na kabla ya kuingia jijini kuna Vigwaza. Kila kituo dereva anapandisha gari, namba inasomwa, na ikizidi mwenye gari analipa. Safari hiyo inapita kilometa 800, na ndani yake kuna kitu kimoja tu kisichogusa mizani, nacho ni gunia. Mkulima aliyelima mzigo huo alishalipwa bila yeye wala mnunuzi kujua zimetoka kilo ngapi.

Kisa hiki ni cha kikundi cha wakulima wa kijiji kimoja cha milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, walioamua kuuza viazi kwa kilo kwa msimu mmoja. Kijiji sikitaji, wala watu. Nimeunganisha humu pia mambo yanayojirudia kwa vikundi vya jirani, na bei zote nitakazotumia ni za mfano, zimekatwa ziwe namba nyepesi. Cha kuangalia ni uwiano wake.

Mzigo unavyotembea

Uporoto ni nchi ya baridi, juu ya mita 2000, kati ya Jiji la Mbeya na Tukuyu. Udongo wake ni wa volkano, na baridi yenyewe ndiyo neema ya kiazi mviringo. Mkulima wa huku huchanganya viazi, pareto, kabichi na mahindi yanayokaa shambani muda mrefu kwa sababu ya ubaridi. Mbeya, Njombe na Iringa ndizo zinazolisha viazi sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo sahani ya chipsi mayai inayoliwa Kinondoni saa nne usiku ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeanzia kwenye tuta la huku juu.

Kijijini hakuna ghala la baridi. Kiazi kikishakomaa unaweza kukiacha ardhini wiki kadhaa ukisubiri bei, lakini mvua ikiendelea kinaanza kuoza, na shamba lenye ugonjwa wa mnyauko halikupi hata hizo wiki. Mkulima anayejua kwamba hawezi kusubiri hana nguvu ya kubishana, na mnunuzi analijua hilo kuliko yeye.

Mnunuzi haji kijijini kwa kubahatisha. Anampigia simu dalali wa kule, kijana au mzee anayejua shamba la nani limekomaa, nani ana ada ya shule inayomsumbua, nani viazi vyake vina ukungu. Dalali ndiye anayetafuta vijana wa kuchimba, anayegawa viroba, anayesimamia kushona. Gari linapakiwa jioni, linateremka Uyole usiku, kisha Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, linashuka Kitonga kwa breki na maombi, Mikumi, Morogoro. Dar linapokelewa na dalali wa pili, wa sokoni, Mabibo au Stereo ya Temeke. Huyo anauza gunia zima kwa muuzaji wa jumla ndogo au mwenye kibanda cha chipsi. Mwisho kabisa ni mama wa genge, anayepima kwa sado au kwa fungu. Katika mnyororo huo wote kilo inaonekana sehemu moja tu, kwa wale wanaopeleka hotelini na supamaketi.

Watu hupenda kumchora dalali kama mwizi. Sikubaliani. Ondoa dalali wa kijijini kesho, mnunuzi wa Dar atazunguka siku tatu kwenye matope akitafuta mzigo wa gari moja, na gharama ya siku hizo ataikata kwenye bei ya mkulima. Ana makosa yake, ila kazi anayofanya ni kazi.

Gunia lenye kichwa

Gunia la kawaida likijaa unalishona mdomo. Lumbesa haishonwi mdomo. Viazi vinapangwa juu ya mdomo, vinazungushwa, kamba inasukwa kama wavu hadi kinasimama kichwa, wakati mwingine kwa kuongeza nusu ya kiroba kingine. Kuna vijana wanaishi kwa ufundi huo, na gunia la fundi mzuri linafika Dar halijapoteza hata kiazi kimoja. Sheria inasema mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioundwa mwaka 2002 na unaofanya kazi chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, umekuwa ukilipiga vita jambo hili kwa miaka. Lumbesa bado ipo.

Maelezo ya kawaida ni kwamba mkulima anaibiwa. Bei inatajwa kwa gunia, gunia linabeba kilo 150, basi kilo 50 zimeondoka bure. Maelezo haya yanasisimua mkutano wa hadhara, lakini yana tundu. Yanadhani kwamba gunia lingekuwa la kilo 100, mnunuzi angelipa bei ileile aliyolipa kwa 150. Hakuna mnunuzi wa namna hiyo.

Kinachotokea hasa ni hiki. Bei ya gunia haipandi na kushuka kwa wepesi. Ikishasemwa kijijini kwamba "gunia ni elfu sitini", inakaa hivyo wiki na wiki, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushusha na kugombana na kijiji kizima. Basi mabishano yanahamia kwenye kichwa. Viazi vikiwa vingi, kichwa kinakua. Vikiadimika, kichwa kinapungua, na nimeona magunia ya Uporoto yaliyoshonwa karibu tambarare kwa sababu wanunuzi watatu walikuwa wakigombea shamba moja. Elfu sitini ni ileile. Bei halisi imebadilika mara nne. Kwa maneno mengine, ukubwa wa gunia ndiyo bei.

Hapo ndipo simu za mkononi zinaposhindwa kusaidia. Mkulima wa leo anajua bei ya Dar kabla jua halijachomoza, ana mtoto wa dada yake pale Mabibo. "Mama mdogo, leo gunia laki na ishirini." Gunia lipi? La debe ngapi? Lenye kichwa cha namna gani? Taarifa ya bei isiyo na kipimo ni uvumi tu uliosafiri haraka.

Msimu wa mizani

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama wapatao thelathini, wengi wao akina mama, kilichoanza kama cha kuweka na kukopa. Uamuzi ulitoka kwenye kikao baada ya msimu wa viazi vingi, vichwa vilipokuwa vimekua hadi watu wakaona aibu. Walichanga, wakanunua mizani ya kuning'iniza yenye muhuri, wakaandika kwenye daftari: hakuna gunia zaidi ya kilo 100, na bei itasemwa kwa kilo.

Wanunuzi wa kwanza walifika, wakaambiwa, wakacheka kidogo, wakaondoka kwenda mtaa wa pili wa mlima. Dalali mmoja, ambaye ni mtu wa palepale, alibaki nyuma kuzungumza na mwenyekiti.

"Mama, mimi kilo sinunui. Dar hawaulizi kilo."

"Basi, mwanangu, na sisi kichwa hatushoni."

"Mtakula wenyewe hivyo viazi, mama."

Hakuwa anatukana, alikuwa anaeleza soko. Wiki ya tatu baadhi ya wanachama walianza kuuza usiku, lumbesa kamili. Ada za shule zilikuwa zimefika, na deni la mbolea halijui kikao. Mwenyekiti aliwajua wote. Hakuwafukuza, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu mpango unaohitaji watu thelathini wavumilie njaa kwa pamoja hauwezi kusimama kwa kufukuzana.

Kisha akaja mnunuzi wa aina nyingine. Yeye anapeleka viazi kwenye migahawa ya Dar inayolipa kwa kilo, na gunia lisilojulikana uzito lilikuwa linamtesa: ananunua kwa kichwa, anauza kwa namba, na tofauti inamwangukia yeye. Kwake kilo ilikuwa nafuu. Alikuwa na sharti moja, vichambuliwe. Vikubwa na vya kati tu, visivyokatwa na jembe, visivyo na kijani.

Siku ya kupima ilianza kwa ugomvi. Mizani ya kikundi ilisoma hivi, yake ya kidijitali ikasoma vile, tofauti ya kilo 3 kwa gunia moja. Kila upande ukaona wizi. Aliyewaokoa ni kijana aliyekwenda dukani akarudi na mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Wakautundika kwenye mizani zote mbili. Mizani ya kikundi ndiyo iliyokuwa na kasoro, ikipunguza. Walikuwa wanajipunja wenyewe. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na ile ilikuwa imebebwa kwenye bodaboda mara nyingi tangu igongwe muhuri.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa udongo. Ulikuwa wakati wa mvua, na udongo wa Uporoto ukilowa hauachii kiazi. Ukiuza kwa gunia, udongo hauna bei, unachukua nafasi kidogo sana. Ukiuza kwa kilo, kila bonge ni pesa. "Sijaja kununua shamba lenu," mnunuzi akasema. Kuosha hakuwezekani, maana kiazi kilichooshwa na kufungiwa kwenye kiroba kwa siku mbili kinafika kimeoza. Wakakubaliana makato ya kilo 2 kwa kila 100. Nimeyaacha nje ya hesabu inayofuata ili isichanganye.

Daftari la mhazini

Mnunuzi alianza kwa shilingi 400 kwa kilo. Kikao kilikaribia kuvunjika. "Gunia elfu arobaini!" watu walipiga kelele, na hapa kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Hao ndio walioamua kuuza kwa kilo, lakini vichwani mwao bado walikuwa wanahesabu magunia. Jirani anauza elfu sitini, sisi arobaini. Kumbe lumbesa ya kilo 150 kwa elfu sitini ni shilingi 400 kwa kilo, bei ileile.

Si ileile kabisa, hata hivyo, na mhazini ndiye aliyeliona. Lumbesa inabeba kila kitu, vidogo vikiwa katikati ya gunia pasipoonekana. Mnunuzi wa kilo anachagua. Mhazini alichukua kilo 150 za shambani, akachambua, zikabaki kilo 120 safi na 30 za vidogo na vilivyokatwa. Akaandika:

Lumbesa, kilo 150 bila kuchambua: 60,000.

Kwa kilo, 120 kwa 400: 48,000, na vidogo vimebaki mkononi.

Kwa hiyo bei ya 400 iliyoonekana sawa ilikuwa hasara ya 12,000. Ili kilo ifikie lumbesa, 60,000 igawanywe kwa 120, lazima bei iwe 500. Chini ya hapo, ni bora kushona kichwa. Hiyo ndiyo namba aliyokwenda nayo mezani, na ilibadilisha mazungumzo yote, kwa sababu mpaka siku ile kikundi kilikuwa kinadai "bei nzuri" bila kujua nzuri inaanzia wapi. Walimaliza kwa 520. Yaani 62,400 badala ya 60,000, pamoja na kilo 30 za vidogo.

Faida ya 2,400 kwa kilo 150 si jambo la kuimbiwa. Ongeza kazi ya kuchambua, ongeza siku za kusubiri mnunuzi, na kwa baadhi ya wanachama haikubaki kitu. Nimewasikia watu wa miradi wakieleza uuzaji kwa kilo kama ukombozi. Kwa msimu huo, katika kijiji hicho, ulikuwa ni nyongeza ndogo iliyopatikana kwa shida.

Vidogo navyo vilileta tatizo ambalo halikutarajiwa. Wengi waliviweka kuwa mbegu. Ni tabia ya siku nyingi huku, kikubwa sokoni na kidogo shambani, na ni tabia mbaya: kiazi kidogo mara nyingi kimetoka kwenye shina dhaifu au lenye ugonjwa, na ukikirudisha ardhini unarudisha virusi na mnyauko. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole wamelisema hilo miaka mingi. Biashara ya kuchambua, bila mtu wa kuvinunua vidogo, ilikuwa inamsukuma mkulima kuharibu mbegu yake kwa kasi zaidi kuliko lumbesa ilivyofanya.

Kwa nini mnunuzi wa kawaida hawezi

Tumwache mnunuzi wa migahawa, tumwangalie yule aliyecheka akaondoka. Je, ni mroho? Nilikaa na mmoja wao nikamwomba anipe hesabu ya gari moja, kisha nikairahisisha.

Chukua Fuso tandamu yenye tani 15. Kwa lumbesa za kilo 150 ni magunia 100. Kwa magunia halali ya kilo 100 ni 150. Sasa angalia gharama zinazotozwa kwa gunia: kiroba na kushona 3,000, kupakia 2,000, ushuru wa mazao 1,500, kushusha 1,500, dalali wa sokoni 3,000. Jumla 11,000 kila gunia. Kwa lumbesa, gari zima ni 1,100,000. Kwa gunia halali ni 1,650,000. Viazi ni vilevile, tani ni zilezile, barabara ni ileile. Mnunuzi anayetii sheria anaanza biashara akiwa nyuma ya mwenzake kwa 550,000, karibu shilingi 37 kwa kila kilo. Na akifika Mabibo na gunia tambarare kati ya magunia yenye vichwa, mteja analitazama kwa macho, analiita dogo, na kulikata bei kuliko linavyostahili.

Huyo akishona kichwa simwiti mroho. Gunia ndilo linalotozwa, basi analifanya gunia liwe kubwa kadiri linavyoweza kubebeka. Kuli anatoza kwa gunia, dalali kwa gunia, mshonaji kwa gunia, halmashauri kwa gunia. Mtu pekee katika mnyororo huu anayeuliza tani ni mwenye gari, na anauliza kwa sababu yeye peke yake ndiye anayepimwa.

Ushuru unashangaza zaidi ya yote. Tangu mwaka 2017 sheria imeushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Asilimia ni ya thamani. Lakini kwenye kizuizi hakuna anayejua thamani ya mzigo, saa mbili usiku mvua inanyesha, hivyo asilimia inageuzwa kuwa kiasi kwa gunia. Karani anahesabu magunia, anakata risiti kwenye mashine, basi. Serikali inayokataza lumbesa kwa mkono mmoja inaipunguzia ushuru kwa mkono wa pili.

Pareto haina lumbesa

Mkulima yuleyule wa Uporoto, wiki ileile, anauza maua makavu ya pareto kwa kilo. Akiteremka kidogo upande wa Rungwe, jirani yake anapimiwa majani mabichi ya chai kwa kilo kwenye banda la kukusanyia. Kule Mbozi kahawa ni kilo. Hakuna aliyewahi kuona lumbesa ya pareto. Kwa hiyo hoja kwamba "wakulima wetu hawajazoea mizani" haina miguu.

Tofauti iko kwenye mnunuzi. Pareto na chai zinaishia kiwandani, na kiwanda kinalipa kwa uzito kwa sababu kinachotoka upande wa pili nacho kinauzwa kwa uzito. Hakuna kuli wa kulipwa kwa gunia katikati, hakuna dalali wa soko. Kilo inaanzia mwisho wa mnyororo na kurudi nyuma hadi shambani. Kwenye viazi, mwisho wa mnyororo ni sado na fungu, na kutoka hapo kurudi nyuma hakuna mtu mwenye haja na namba. Ndiyo maana mnunuzi wa migahawa pekee ndiye aliyekubali: alikuwa na kilo mbele yake.

Kuna wanaopendekeza stakabadhi ghalani, yaani mazao yakusanywe ghalani kwanza ndipo yauzwe, wakitazama korosho na ufuta. Kwa kiazi, bila ghala la baridi, ni kuhifadhi uozo. Wengine wanasema sheria ishushe zaidi uzito wa gunia. Kenya ilifanya hivyo, kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50, lakini gunia la kichwa, ambalo wao huliita mukorino, halikutoweka kwa kuandikwa tu.

Mlango wa kusimamia

Operesheni za kukamata lumbesa mara nyingi hufanyika huku juu, kwenye vizuizi vya barabara za vijijini. Anayekamatwa ni dereva au mwenye mzigo mmoja, siku moja. Magunia yanafumuliwa pembeni mwa barabara, yanashonwa upya, na gharama ya kufumua inarudi kwa mkulima wa wiki ijayo. Vijiji ni vingi, njia ni nyingi, maofisa ni wachache.

Masoko makubwa ya Dar yanahesabika kwa vidole. Kama ingetakiwa kusimamia kitu, ningeanzia pale, kwenye geti la soko. Gunia la kichwa lisiloruhusiwa kushushwa Dar halitashonwa Uporoto, na mnunuzi hatahitaji kuhubiriwa. Hilo nalo halitoshi, kwa kuwa ukizuia kichwa na kuacha tozo za gunia zilivyo, umempandishia kila mtu gharama ile 550,000, na wote tunajua itakatwa wapi. Tozo zikigeuzwa kuwa za kilo, faida ya kichwa inakwisha yenyewe. Kuli akilipwa kwa kilo, naye mgongo wake utamshukuru. Kubeba kilo 150 kwenye ubao mwembamba wa kupandia gari ni kazi inayomzeesha mtu mapema, jambo ambalo katika mijadala yote ya lumbesa huwa halitajwi kabisa.

Msimu uliofuata mnunuzi wa migahawa alirudi na kuchukua mzigo mkubwa zaidi, akija na viroba vyake vya kilo 50 na kupita nje ya soko kabisa. Amepatana na mwenye gari kwa tani. Sehemu kubwa ya viazi vya kikundi, hata hivyo, bado inaondoka kwa lumbesa, na mwenyekiti mwenyewe ameshona: shamba moja kwa kilo, la pili kwa kichwa. Vidogo wanaviuza kwa ndoo kwa wakaanga viazi wa Mbalizi, na wameanza kutenga tuta la mbegu lenye mashina yaliyowekwa alama yakiwa bado mabichi.

Walichokifanya mwaka huu ni kuandika barua kwa halmashauri. Mhazini aliweka hesabu ndani. Gari la lumbesa 100 linalipa ushuru 150,000. Uzito uleule ungetozwa kwa kilo, halmashauri ingepata 225,000. Jibu la mdomo walilopata ni kwamba mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru, zimewekewa gunia, na kiwango kimo kwenye sheria ndogo, hivyo hadi madiwani waipitie upya. Kikao hicho ndicho kinachosubiriwa. Ombi lenyewe ni mstari mmoja: palipoandikwa shilingi 1,500 kwa gunia, paandikwe 15 kwa kilo.